Utando Mwembamba Chini ya Jua la Kano

Ukitoka Kisumu kuelekea Kericho, ukishawapita wauza mchele wa Ahero, barabara inakata katikati ya uwanda wa Kano mpaka Awasi. Kaskazini, milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Chini yake umetandaa udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na masika hugeuka tope la kumeza gurudumu. Awasi ni soko la njiani: matatu, bodaboda, trekta zinazovuta miwa, akina mama na beseni za nyanya. Ikweta iko karibu mno, kilomita zisizofika thelathini, kiasi kwamba mwezi Machi na Septemba kivuli cha mtu wa saa sita mchana humrudia miguuni.

Jua la namna hii lina hesabu yake. Kwa wastani wa mwaka, kila mita ya mraba ya bati la nyumba katika ukanda huu hupokea kilowati-saa 5 hadi 6 kwa siku. Ni nyingi. Zingetosha kuwasha taa za nyumba nzima, redio na simu, kama zingenaswa zote. Lakini kwa miaka mingi giza lilipoingia Kano kilichowashwa ni koroboi, ule mkebe mdogo wenye utambi unaomeza mafuta ya taa na kutema masizi. Si mbali na hapo, upande wa Nyakach, maji ya mto Sondu yameelekezwa ndani ya handaki la kilomita sita hivi kupitia mwamba, nayo tangu 2008 yanazungusha mitambo ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Nyaya kubwa zilipita juu ya nyumba zilizokuwa bado zinasomea kwa koroboi. Mtu wa Kano hahitaji kuelezwa tofauti ya umeme uliopo nchini na umeme uliopo mezani.

Historia ninayotaka kusimulia ni ya bamba dogo linaloonekana sasa juu ya mabati mengi ya Awasi, na ya ndugu yake ambaye bado hajafika: seli ya jua iliyotengenezwa kwa utando wa rangi na plastiki badala ya jiwe. Wamejishughulisha nayo wanafunzi wengi, wa hapa na wa mbali, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuna swali moja ambalo maabara za mbali haziwezi kulijibu kikamilifu bila uwanda kama huu.

Tuanze na masizi. Evans Wadongo alizaliwa magharibi mwa Kenya, akasoma utotoni kwa taa ya mafuta, akiinamia moshi ili aone maandishi, na macho yake yakaathirika. Mwaka 2004, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja, alibuni taa ya sola aliyoiita MwangaBora. Mwaka 2010 kituo cha CNN kilimweka miongoni mwa mashujaa wake wa mwaka. Wengi walimsifu kwa wema wake, na alistahili. Mimi namkumbuka zaidi kwa kuwa alianzia kwenye kipimo alichokijua mwilini mwake: umbali kati ya jicho na mwali.

Ziwani kulikuwa na moshi wa namna nyingine. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa kuvutwa na mwanga. Karabai zilielea juu ya maji kwa mamia, na ukisimama ufukweni ungedhani mji mwingine umejengwa ziwani. Kila karabai ilikunywa mafuta usiku kucha, na ikipinduka mafuta yalibaki majini. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua Mbita kituo cha kuchajia taa za betri kwa nguvu ya jua, wavuvi wakikodi taa jioni na kuirudisha asubuhi. Miaka iliyofuata taa za betri zilienea pwani ya ziwa, na bei ya mafuta ya taa ilisaidia kuzisukuma kuliko hotuba yoyote ya mazingira.

Lakini sola ya Kenya haikuanzia ziwani. Ilianzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani, Harold Burris, alianzisha biashara ndogo aliyoiita Solar Shamba. Karibu naye, Mmarekani mwingine kijana, Mark Hankins, alikuwa akifundisha katika shule ya upili ya harambee ya Karamugi, Meru. Shule ilikuwa inapanga kununua jenereta ya dizeli. Hankins aliishawishi ifunge sola, hesabu ikatoka nafuu, na taa zikawaka madarasani. Baadaye shule nyingine zilifuata, na vijana wa hapo wakafundishwa kufunga mitambo. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito. Fundi aliyefunga taa za shule Jumatatu, Jumamosi alifunga za mwenye shamba la kahawa, halafu za mwalimu mkuu, halafu za mwenye duka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, nyumba za mashambani zilizowashwa kwa sola zilikuwa zimezipita zile zilizofikiwa na mpango wa serikali wa umeme vijijini. Hakuna aliyekata utepe. Watu walinunua kwa fedha zao, bamba moja moja, wakalifunga kwa misumari na waya.

Mabamba mengi yaliyonunuliwa wakati huo hayakuwa ya silikoni ya fuwele, ile ya buluu iliyokatwa kama vigae. Yalikuwa ya silikoni isiyo na fuwele, utando mwembamba uliomwagwa juu ya kioo, wa rangi ya kahawia iliyoiva, wa wati 10 hadi 14, kwa bei ambayo mkulima wa miwa au mwalimu angeimudu. Hapa ndipo wanafunzi wanaingia katika simulizi kwa mlango wa mbele.

Utando ule ulikuwa na siri iliyojulikana maabarani tangu 1977, pale David Staebler na Christopher Wronski wa Marekani walipogundua kwamba silikoni ya namna hiyo hudhoofika kwa kupigwa na mwanga uleule inaotakiwa kuunasa. Wiki za kwanza juani hushuka nguvu, kisha hutulia. Mtengenezaji mwaminifu huandika nyuma ya bamba nguvu itakayobaki baada ya kutulia. Asiye mwaminifu huandika nguvu ya siku ya kwanza, au namba anayoitaka. Mnunuzi wa Kenya alibaki na karatasi iliyobandikwa nyuma na neno la muuzaji. Taa ikififia mapema, alilaumu betri, fundi, mawingu, au watoto walioacha redio ikiwaka.

Mwaka 1999 watafiti waliokuwa bado wanafunzi wa uzamivu, Arne Jacobson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Richard Duke wa Princeton, wakiongozwa na Daniel Kammen na kushirikiana na Hankins na mafundi wa Kenya, walifanya jambo ambalo likisemwa linaonekana dogo. Walikwenda nyumbani kwa watu na kupima mabamba yakiwa palepale yalipofungwa, juani, na vumbi lake. Walipima mkondo, volteji, nguvu ya jua na joto. Ikabainika kwamba mabamba ya aina nyingi yalitoa nguvu iliyokaribia ile iliyoandikwa, lakini aina mojawapo ilikuwa chini yake sana, na mnunuzi hakuwa na namna ya kuyatofautisha dukani. Miaka michache baadaye, 2004 na 2005, upimaji ulirudiwa, aina mpya dhaifu zikaonekana sokoni, na Shirika la Viwango la Kenya likaingizwa katika suala hilo.

Naipenda sana habari hii. Inaonyesha mwanafunzi akiwa na kifaa cha kupimia mkononi, akiomba ruhusa ya mwenye boma, akisubiri wingu lipite. Jacobson alikaa katika utafiti huo hata akaandika tasnifu yake ya mwaka 2004 juu ya sola na mabadiliko ya jamii ya Kenya. Humo alieleza kwa ukweli kwamba umeme wa bamba dogo ulikwenda zaidi kwenye televisheni, redio na simu kuliko kwenye daftari la mtoto, na kwamba walionufaika kwanza walikuwa watu wa kipato cha kati wa mashambani. Mfadhili hapendi sana kusikia hayo. Ni matokeo ya mtu aliyeketi sebuleni akaangalia kinachotazamwa. Kutokana na kazi za namna hii, mpango wa Benki ya Dunia wa kusambaza taa za sola barani ulipoanza baadaye, ulijengwa juu ya upimaji wa ubora, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na maabara ya kupima taa hizo.

Sasa turudi nyuma, tuvuke bahari, kwa kuwa ndugu wa bamba lile alizaliwa mbali na kwa bahati.

Mwaka 1967, katika maabara ya Tokyo, mtafiti mgeni aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Hideki Shirakawa alitia kichocheo mara elfu moja zaidi ya kipimo kilichotakiwa. Badala ya unga mweusi, juu ya kimiminika kukatokea utando unaong'aa kama fedha. Ulikuwa plastiki, poliasetilini. Shirakawa hakuutupa. Mwaka 1975 mkemia Alan MacDiarmid, aliyekuwa ziarani Japani, alisikia habari zake wakati wa mapumziko ya chai, akamwalika Shirakawa Pennsylvania, na mwaka 1977 wao wawili pamoja na mwanafizikia Alan Heeger waliutia mvuke wa iodini. Uwezo wake wa kupitisha umeme ulipanda mara milioni 10. Plastiki, kitu ambacho tulikijua kwa kuvalishwa nyaya ili zisiturushe, sasa yenyewe ilikuwa waya. Mwaka 2000 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Seli zinazotokana na ukoo huu huitwa za kikaboni. Neno lisimpotoshe mtu adhani ni habari za mbolea ya samadi. Maana yake ni kwamba kinachonasa mwanga ni molekuli zilizojengwa kwa kaboni, jamaa ya rangi za nguo na wino, wala si fuwele ya silikoni. Mwaka 1986 Ching Tang wa kampuni ya Kodak alipandanisha tabaka mbili za rangi za namna hiyo, moja ya kutoa elektroni na nyingine ya kupokea, akapata seli iliyogeuza takriban asilimia 1 ya mwanga kuwa umeme. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake waligeuza wazo hilo kichwa chini, umeme uingie na mwanga utoke, na vioo vinavyong'aa vya simu nyingi za leo ni wajukuu wa kazi hiyo. Kijana wa Awasi anayetazama video kwenye simu ya namna hiyo tayari ameshika kaboni inayotoa mwanga mkononi mwake.

Asilimia 1 ni ndogo, na sababu yake ni nzuri kueleza. Mwanga ukipiga silikoni, elektroni hutoka na kwenda zake. Ukipiga molekuli ya kaboni, elektroni na tundu ililoliacha hubaki vimeshikana kama mapacha. Hutembea pamoja nanomita zipatazo 10 tu, kisha huungana tena na nguvu yote hupotea kwa joto. Unywele mmoja una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hivyo safari ya mapacha hawa haifiki hata sehemu ya elfu ya unywele. Lazima wakutane na mpaka wa tabaka la pili kabla hawajafa, ndipo watenganishwe. Tabaka likiwa nene, wengi hufa njiani. Likiwa jembamba, mwanga hupenya bila kunaswa.

Mwaka 1992 Serdar Sariciftci, Mturuki aliyekuwa akifanya kazi na Heeger huko Santa Barbara, pamoja na wenzao walionyesha kwamba elektroni huruka kutoka kwenye plastiki hadi kwenye molekuli ya mviringo ya kaboni 60 kwa kasi isiyofikirika. Mwaka 1995 kundi la Heeger likaja na dawa: usipandanishe tabaka, changanya. Mtu wa Kano ataelewa upesi akifikiria nyoyo, mahindi na maharage ndani ya sufuria moja. Popote utakapochota, haragwe liko ubavuni mwa punje ya hindi. Vivyo hivyo, popote mapacha watakapozaliwa, mpaka uko karibu. Mwaka 2001 maabara ya Sariciftci, aliyekuwa amehamia Linz, Austria, ilitangaza asilimia 2.5. Mwaka 2019 mkemia Zou Yingping na wenzake wa Changsha, China, walitoa molekuli mpya iliyoipandisha seli hadi asilimia 15.7, na tangu hapo wengine wamevuka 19.

Pembeni mwa njia hiyo kulikuwa na ujia mwingine, na ndio uliofika kwetu kwanza. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel wa Lausanne, Uswisi, walichapisha seli iliyoiga jani. Ni unga mweupe wa oksidi ya titani, ule uliomo kwenye rangi za kuta, uliookwa juu ya kioo, ukaloweshwa rangi inayonasa mwanga, kisha ukatiwa maji ya iodini. Ilitoa zaidi ya asilimia 7. Mwaka 1998 Grätzel na Greg Smestad waliandika maelekezo ya kuitengeneza darasani kwa maji ya matunda meusi. Kioo cha pili, kile cha kupokea elektroni, kilipakwa kaboni ya penseli au ya moshi wa mshumaa. Nilipokisoma kipengele hicho nilisimama. Masizi! Kile kilichomwumiza macho mtoto wa koroboi ndicho kinachohitajika kufunga mzunguko wa umeme ndani ya seli.

Kwa chuo kisicho na mashine za mamilioni, ujia huu ulikuwa wazi. Katika Nairobi, Dar es Salaam na Addis Ababa tayari kulikuwa na vikundi vya fizikia na kemia ya jua vilivyolelewa na mpango wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ulioanza 1961. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: mwanafunzi hugawa miaka yake, nusu nyumbani na nusu ughaibuni, ili shahada isimng'oe kabisa. Mwaka 2003 Julius Mwabora wa Nairobi alichapisha pamoja na Claes-Göran Granqvist na wenzao wa Uppsala utafiti juu ya utando wa oksidi ya titani uliochanganywa na naitrojeni ili unase mwanga zaidi. Addis Ababa, Teketel Yohannes alikuwa ameshafanya kazi ya plastiki zinazogeuza mwanga kuwa umeme pamoja na Olle Inganäs wa Linköping, na mwenzake Wendimagegn Mammo akajulikana kwa kuunda plastiki mpya zenyewe. Kutoka Dar es Salaam, R. T. Kivaisi aliandika mwaka 2000 habari za mtambo wa sola wa kilowati 3 uliowekwa kijijini Umbuji, Unguja, akieleza matumizi yake na si picha yake tu. Mwaka 2010 na 2011 Daniel Egbe, mkemia Mkameruni aliyekuwa maabara ya Linz, aliwaunganisha watafiti hawa waliotawanyika katika mtandao wa Afrika wa nishati ya jua, ANSOLE.

Palikuwa na jambo la kuuma katika miaka iliyofuata. Kuanzia Februari 2014 meli zilianza kubeba kutoka pwani ya kusini mwa Kenya mchanga mzito wa Kwale wenye madini ya titani, na ziliendelea hadi mgodi ulipofungwa mwisho wa 2024. Mwanafunzi wa Nairobi aliyetaka gramu chache za oksidi safi ya titani kwa ajili ya seli yake aliagiza chupa kutoka Ulaya. Mchanga ulikwenda kwa tani, unga ukarudi kwa gramu.

Mwaka 2010, kutokana na kazi za Chuo Kikuu cha Cambridge, ilizaliwa kampuni ya kutengeneza seli za plastiki. Iliitwa Eight19, kwa kuwa mwanga wa jua huchukua dakika 8 na sekunde 19 kutufikia. Mwaka 2011 ilileta Kenya mfumo wa taa wa kulipia kidogo kidogo kwa kadi ya kukwangua, kama muda wa maongezi wa simu. Watu waliupokea. Lakini bamba lililofungwa juu ya bati lilikuwa la silikoni ya kawaida. Plastiki ilikuwa haijawa tayari. Mwaka uliofuata biashara ya taa ilijitenga ikawa kampuni nyingine, Azuri. Karibu na wakati huo huo, Denmark, kundi la Frederik Krebs lilikuwa limechapisha seli za plastiki kwa mtambo kama wa magazeti, likazitia kwenye taa ndogo na kuipeleka Zambia ijaribiwe. Kwa hiyo utando ulifika Afrika, ukagonga mlango, na bado haujakaribishwa kukaa.

Kwa nini? Hapa ndipo Kano inapokuwa na neno la kusema.

Seli ya kikaboni ina maadui wanne: hewa ya oksijeni, maji, joto na miale ya urujuanimno. Oksijeni huzikatakata molekuli zikiwa juani. Unyevu hupenya kingo na kula chuma chembamba cha upande wa nyuma. Tabaka moja linalotumika mara nyingi lina asili ya asidi na hunywa maji yaliyomo hewani. Joto hufanya nyoyo yetu ijitenge taratibu, mahindi upande huu na maharage ule, mpaka mapacha wanakufa tena njiani. Mwaka 2011 watafiti wa nchi nyingi walikubaliana taratibu za pamoja za kupima uhai wa seli: gizani, chini ya taa, ndani ya sanduku la joto na unyevu, na nje juani. Kabla ya hapo kila maabara ilikuwa na saa yake ya kuhesabu kifo.

Kano inawaleta maadui wote wanne siku moja. Asubuhi umande. Mchana bamba juu ya bati hupata joto la kuunguza kidole. Alasiri upepo wa ziwa husukuma mawingu kuelekea milima ya Nandi, na mvua hushuka na radi. Juu ya barabara hiyohiyo ya Awasi, kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Nandi, mvua ya mawe huanguka zaidi ya siku mia moja kwa mwaka. Watafiti waliandika mwaka 1982 kwamba vumbi la majani makavu ya chai lenyewe husaidia kugandisha matone mawinguni. Halafu kuna masizi ya miwa inayochomwa kabla ya kukatwa, yale majani meusi yanayoelea na kutua kwenye nguo zilizoanikwa. Hutua kwenye sola pia. Na kuna mafuriko: Mei 2020 ziwa lilipanda kupita hata kiwango cha juu cha 1964. Jangwa lina jua kali, lakini ni kavu. Taa ya maabara haina umande. Kwa mtu anayetaka kujua kama utando utadumu miaka 5 katika nchi za tropiki zenye unyevu, uwanda huu ni kipimo kikali na cha haki.

Mazingira yana upande wa pili pia, nao hausemwi vya kutosha na wanaotuuzia usafi wa jua. Seli nyingi za kikaboni za maabara hupikwa kwa klorofomu au klorobenzini, vimiminika ambavyo hakuna anayetaka kuvisikia vikielekea mto Nyando. Ndiyo maana kutafuta viyeyusho visivyo na sumu si kazi ya pembeni bali ni kiini cha utafiti wenyewe. Somo la kutosha tunalo. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi damuni. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, alipigania mtaa huo hadi akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri za risasi za namna hiyo ndizo zilizokaa chini ya vitanda na nyuma ya kochi katika maelfu ya nyumba zenye sola. Utando mwembamba hauna risasi, na unaweza kutengenezwa kwa joto dogo na nguvu kidogo kuliko silikoni. Hiyo ni sifa ya kweli. Lakini ukifa kila baada ya miaka miwili, tutakuwa tumejaza mitaro ya Ahero plastiki nyingine.

Kilomita zipatazo ishirini na tano kutoka Kisumu, mahali mstari wa Ikweta unapopita, kipo Chuo Kikuu cha Maseno na idara yake ya fizikia na sayansi ya vifaa. Bondo kipo kile cha Jaramogi Oginga Odinga. Eldoret kipo cha Moi, chenye kituo cha umahiri kinachoshughulikia nishati jadidifu. Wanafunzi wa uzamili wanaochanganya polima, wanaopima oksidi, wanaopiga hesabu za molekuli kwenye kompyuta, wapo. Kazi ya wengi wao huishia kwenye namba ya ufanisi iliyopatikana siku seli ilipotengenezwa, kwa sababu hiyo ndiyo namba inayoulizwa na majarida. Siwalaumu. Lakini Jacobson na wenzake hawakuuliza bamba lilikuwa na nguvu gani kiwandani. Waliuliza lina nguvu gani leo, hapa, juu ya nyumba hii.

Ningependa kuuona ubao mmoja Awasi. Ubao wa mbao ngumu juu ya bati la darasa, umeinamishwa kidogo kaskazini, na juu yake vipande ishirini vya kioo vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti: baadhi vya plastiki kutoka maabara ya Maseno, baadhi vya rangi ya maua ya choya vilivyopakwa masizi, na kimoja cha silikoni cha kulinganishia. Nyaya zishuke dirishani hadi kwenye kipimo cha shilingi elfu mbili tatu. Wanafunzi wa kidato cha tatu wagawane zamu. Saa tatu, saa sita, saa tisa, mkondo, volteji, joto, hali ya mawingu. Wiki ya kwanza namba zitapanda na kushuka bila maana wanayoiona. Mwezi wa pili rangi ya choya itakuwa imepauka, na mmoja wao ataandika pembeni tarehe aliyoliona hilo kwa macho kabla ya kipimo kulisema. Mwezi wa tatu mvua zitaanza. Saa tisa, mawingu yakiwa yamekaa juu ya Nandi na harufu ya udongo ikianza kupanda, mwenye zamu atatoka mbio na daftari ndani ya shati lake, apime vipande vyote ishirini kabla ya tone la kwanza, na kesho yake asubuhi avipime tena vikiwa bado vina maji.